Phoenix ya inchi 28: tathmini ya baiskeli kuukuu isiyouzwa

Ukipita Mikindani, Nanyamba au Tandahimba utaiona imeegemezwa barazani: nyeusi, ndefu, madigadi yamepindapinda, kiti kimefungwa kwa vipande vya tyubu. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mzani wake, anaitupia jicho, anauliza, "Babu, hiyo si uniuzie tu?" Anajibiwa, "Hiyo haiuzwi, mjukuu wangu."

Babu yuko sahihi, na si kwa mapenzi tu. Kwenye mzani ule Phoenix ni kilo 20 hivi za chuma, basi. Nyumbani ni chombo kilichobeba maji, korosho, wagonjwa na maharusi, na watoto wa nyumba ile wamejifunzia kuendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu kabla miguu haijafika kwenye kiti. Na tofauti na vitu vingi vinavyouzwa madukani leo, bado inatengenezeka yote. Hapa tunaipima kama bidhaa: inafaa kwa nini, inaharibikia wapi, na nini kibadilishwe au kisiguswe kwa anayetaka idumu Mtwara na Lindi, penye chumvi ya bahari upande mmoja na mchanga upande mwingine.

Phoenix inatoka Shanghai, na jina hilo lipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Umbo lake ni la baiskeli za kizamani za Kiingereza, zile za akina Raleigh: fremu ya bomba za chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma badala ya waya, gia moja. Kwa hiyo mengi yaliyomo humu yanaihusu pia Raleigh ya zamani, na hata Hero ya India yenye umbo hilohilo.

Tuanze na fremu, maana ndiyo inayostahili sifa kubwa kuliko yote. Bomba zake hazikuchomelewa ncha kwa ncha. Kila bomba limeingizwa ndani ya kiungo cha chuma, kisha likaungwa kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa. Kiungo cha namna hiyo hukubali kutikisika na mzigo mwaka hadi mwaka bila kukatika. Hatari yake ni fundi wa kuchomelea kwa umeme. Moto wa umeme ni mkali mno kwa bomba jembamba: unaliunguza kando ya kiungo, na baada ya miezi michache ufa mpya unatokea sentimita moja pembeni ya ule wa kwanza. Ukiona ufa kwenye kiungo, tafuta fundi mwenye mtungi wa gesi na fito za shaba. Ukimkosa karibu, ni bora baiskeli isubiri.

Kutu ya nje haitishi sana. Inayoua fremu ni ya ndani, hasa kwa baiskeli zinazolala Shangani, Msimbati, Lindi mjini au Kilwa, ambako upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani. Mara moja kwa mwaka, kabla mvua hazijaanza, chomoa nguzo ya kiti, mimina robo kikombe cha oili nyepesi ndani ya bomba, laza baiskeli upande huu na upande ule, kisha isimamishe juu ya gazeti ichuruzike. Kabla ya kurudisha nguzo ya kiti ipake grisi. Nguzo iliyokaa miaka bila kuchomolewa hushikana na bomba mpaka haitoki tena, na wengi wamepasua fremu kwa nyundo wakiilazimisha. Ikitoka pwani kwenye mchanga, imwagie maji baridi ya bomba au ya kisima kisicho cha chumvi, ikauke, ndipo upake oili. Oili ikipakwa juu ya mchanga wa chumvi inafanya kazi ya msasa.

Sasa matairi. Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa zao. Phoenix ya kawaida inavaa tairi la 28 x 1½, na ubavuni pameandikwa pia 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokalia ringi. Dukani kuna matairi mengine yaliyoandikwa 28, yale ya 28 x 1⅝ x 1⅜, ambayo namba yake ni 622. Kwa macho yanafanana. Tofauti ni milimita 13, na inatosha: la 622 haliingii kwenye ringi ya Phoenix hata ulivute kwa vyuma viwili, na la 635 ukilivalisha ringi ya 622 litaruka nje ukilijaza upepo. Usimwambie muuzaji "nipe la 28." Mwambie namba, kisha lisome mwenyewe ubavuni kabla ya kulipa.

Upepo ukikosekana asubuhi, usikimbilie kutafuta pancha. Vali ya baiskeli hizi ina kijimpira chembamba kilichovalishwa juu ya kisindano, na joto la huku hukikausha mpaka kinapasuka. Tia mate kwenye mdomo wa vali. Yakifanya povu, badilisha kijimpira tu. Na ukikuta tyubu ina matundu mawili yaliyo sambamba, hiyo si miba. Ni upepo mdogo: mzigo umeibana tyubu kati ya jiwe na ringi. Ziba yote mawili, na siku ya madumu jaza upepo mpaka kidole gumba kikibonyeza kisizame.

Gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoki 40 na la mbele 32. Ndiyo maana nyuma hubeba madumu matatu ya lita 20, yaani kilo 60 za maji, bila kulalamika. Spoki zikianza kukatika moja baada ya nyingine, zote pale zinapopindia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, tatizo si ubovu wa spoki. Zimelegea, kila mzunguko zinapinda na kunyooka, mwisho zinachoka. Fundi mzuri anazikaza zote kwa sauti, akizigonga kwa spana mpaka zilie karibu mlio mmoja kwa kila upande, ndipo ananyoosha gurudumu. Anayebadilisha moja tu iliyokatika anakuandalia ya pili.

Ugonjwa unaoitambulisha Phoenix kwa mbali ni ule mlio wa tok, mara moja kila pedali inapozunguka. Ni pini ya krenki. Krenki, yaani mkono wa chuma unaobeba pedali, imeshikwa kwenye mhimili wake kwa pini yenye ubapa upande mmoja. Pini ikilegea, krenki inacheza. Ikiachwa icheze, ubapa wa mhimili wenyewe unalika, na hapo pini mpya haisaidii tena. Kwa hiyo usiendeshe baiskeli inayolia tok hata hadi sokoni.

Kuitoa pini kunahitaji subira zaidi ya nguvu. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, usiitoe kabisa, maana ndiyo inayolinda nyuzi. Weka chini ya krenki kipande cha bomba nene kinachosimama sakafuni, ili kishindo kiingie kwenye pini na kisipige gololi za ndani. Kisha piga pigo moja zito, lililonyooka. Vipigo vidogo vingi hupanua kichwa cha pini na kuifanya ing'ang'anie zaidi. Imegoma? Tia mafuta ya taa, ilale usiku kucha.

Pini za zamani nyingi ni za milimita 9.5, lakini zipo za 9, kwa hiyo nenda dukani na ile uliyoitoa. Pini nyingi mpya ni laini na ubapa wake haujakaa sawa: uparaze kwa tupa, kidogo kidogo, ukiijaribu, mpaka nyuzi zitokeze upande wa pili kiasi cha kushika nati. Pini mbili ziingie kwa kupishana, moja nati yake ikitazama juu pale nyingine inapotazama chini, la sivyo pedali hazitakaa mstari mmoja. Igonge ndani kwa nyundo, ndipo ufunge nati. Nati haikuwekwa pale ili ivute pini. Kazi yake ni kuizuia isirudi. Endesha kilomita chache, gonga tena, kaza tena. Watu wengi wanaruka hatua hii ya mwisho, na tok inarudi wiki hiyohiyo.

Gololi hazina maajabu. Kwa kawaida habu ya mbele ina 10 ndogo za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za inchi ¼, na kwenye krenki 11 za inchi ¼ kila upande. Osha kwa mafuta ya taa, futa mpaka kitambaa kitoke safi, panga gololi mpya ndani ya grisi, zisibanane. Badilisha seti nzima. Gololi mpya ikichanganywa na zilizolika hubeba mzigo wote peke yake na kutoboa koni, kile chuma ambacho gololi huzungukia. Kumbuka pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Vijana wa gereji wameharibu krenki nyingi nzuri kwa kutolijua hilo.

Cheni ipime kwa rula ya shule. Kutoka pini moja, hesabu vipande 24, ndani na nje. Ikiwa mpya ni milimita 305. Ikifika 308, itoe kabla haijala meno ya gia na friwili. Na kava ya cheni irudishwe, jamani. Wengi huitupa kwa sababu inagonga. Igongoe inyooke, ifunge na washa ya mpira, kwa sababu kwenye mchanga wa Makonde cheni isiyo na kava inaisha upesi sana.

Breki ndizo udhaifu wake wa kweli. Mipira inabana upande wa ndani wa ringi, jambo ambalo lina faida moja: gurudumu likiyumba kidogo, breki bado inashika. Lakini ringi ya chuma iliyolowa inateleza. Wakati wa mvua, bana breki kidogo mapema ili mipira ifute maji, ndipo ubane kwa nguvu. Ukibadilisha mipira, upande wa kikombe chake uliozibwa uelekee kule ringi inakozungukia. Ukigeuza, siku ya kubana ghafla mpira utachomoka. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya mpira na ringi. Na hata vyote vikiwa sawa, kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma ukiwa na gunia nyuma, shuka utembee. Breki hizi hazikutengenezwa kwa mlima ule.

Kupanda ni vilevile: gia moja, chuma kizito, mchanga. Kijana anayetaka kufika haraka atachukua bodaboda, na tusimlaumu. Phoenix inamfaa mwenye safari fupi za kila siku, mzigo wa wastani, na mkono usiochoka kushika spana.

Kuhusu rangi, msimamo wetu ni mkali: usipake. Rangi ya magari inayopuliziwa juu ya ile ya kiwandani inafunika mistari ya dhahabu, inaziba namba ya fremu iliyogongwa kwenye chuma, na inaficha ufa ambao ungeuona mapema. Osha kwa sabuni, sugua kutu kwa kitambaa chenye oili, paka nta. Nembo ya ndege pale mbele, hata kama vidole vya miaka mingi vimeilainisha mpaka mabawa hayaonekani vizuri, ibaki. Ibaki kengele. Ibaki kiti, hata kikihitaji springi mpya. Matairi, tyubu, mipira ya breki, cheni, gololi na pini ni vya kulika, vibadilishwe bila huruma. Vingine ni baiskeli yenyewe, ile aliyoishika babu, na dukani haviuzwi.

Madukani vipuri vya 28 havikai kwa wingi kama zamani, kwa hiyo ukikuta matairi mazuri ya 635 nunua jozi mbili. Yafunge kwenye gunia, yaweke ndani mbali na jua, wala usiyatundike kwenye msumari, maana yatapinda.

Sehemu moja tu haina msamaha: shingo ya foku, yaani bomba la juu la ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Kila unapobadilisha gololi za usukani, ichomoe, ifute na uitazame kwenye mwanga, hasa pale inapokutana na taji la foku. Ukiona mstari mwembamba kama unywele unaozunguka bomba, usiichomelee na usiiunge kwa shaba, kwa sababu ikikatika ukiwa mbioni unaangukia uso. Tafuta foku ya 28 kutoka baiskeli nyingine iliyokufa. Kabla ya kuinunua linganisha urefu wa shingo na nyuzi zake na ya zamani, na hakikisha ina matundu ya kushikia fito za breki.