Uzoefu wangu na KVM: makatizo ya vifaa ndani ya mashine pepe

Ninatumia KVM, sehemu ya kerneli (moyo wa mfumo endeshi) ya Linux, pamoja na QEMU, programu inayoiga vifaa vya kompyuta, kuendesha mashine pepe za kazi, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva halisi: seva ya hifadhidata, seva ya tovuti, seva ya nakala rudufu, na mashine za Windows ambazo idara ya uhasibu haiko tayari kuachana nazo. Mapitio haya hayagusi kila kinachofanywa na programu hizi. Nimejifunga kwenye jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloamua kama seva itahimili kazi nyingi au italemewa mapema, nalo ni namna makatizo ya vifaa (ishara za kuiita prosesa) yanavyomfikia mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe.

Kwenye kompyuta ya kawaida, kadi ya mtandao ikipokea pakiti huikatiza prosesa ili draiva, programu inayoiendesha kadi, ije kuichukua, na kazi hiyo haina gharama kubwa. Ndani ya mashine pepe kadi yenyewe haipo. Kilichopo ni programu inayojifanya kadi. Kila mgeni anapogusa rejista ya kadi hiyo, yaani kisanduku kidogo cha maagizo na taarifa zake, prosesa hulazimika kumsimamisha, kuhifadhi hali yake, kumkabidhi udhibiti mwenyeji, yaani mfumo wa seva halisi, kisha kumrudisha mgeni pale alipokuwa. Safari hiyo ikirudiwa maelfu ya mara kwa sekunde, prosesa inaonekana ina shughuli nyingi ilhali sehemu kubwa ya muda wake inaishia mlangoni.

Usipochagua kadi mwenyewe, QEMU ya x86 humpa mgeni e1000, au e1000e ikiwa mashine ni ya aina ya q35, zote zikiwa mwigo wa kadi za Intel. Faida yake ni kwamba karibu kila mfumo endeshi unakuja na draiva yake, kwa hiyo mtandao hufanya kazi tangu mwanzo. Gharama yake utaiona mzigo ukiongezeka. e1000 hutumia katizo la mtindo wa zamani, ambalo vifaa kadhaa vinaweza kuligawana, hivyo draiva ikishtuliwa huanza kwa kusoma rejista ya sababu ili ijue kama katizo ni lake, na kusoma huko kunamtoa mgeni hadi ndani ya QEMU. Halafu huandika rejista nyingine ili kuzima makatizo wakati ikikusanya pakiti, na mgeni anatoka tena. Ikimaliza huyawasha, na mgeni anatoka kwa mara nyingine. Nilipofungua perf kvm stat live, amri inayohesabu sababu za mgeni kutoka, upande wa mwenyeji wakati nakala rudufu zikipita mtandaoni, mstari uliokaa juu ya jedwali ulikuwa EPT_MISCONFIG, jina ambalo halimwambii kitu asiyezoea mambo haya, lakini hapo lilimaanisha kwamba mgeni anagusa anwani za kifaa ambazo hazina kumbukumbu halisi nyuma yake.

Nilipobadilisha kadi hiyo kuwa virtio-net, mstari huo ulishuka mno na mashine ikapumua. Virtio, iliyobuniwa na Rusty Russell na kuelezwa katika makala yake ya 2008, haijifanyi kadi yoyote ya kweli. Mgeni na mwenyeji wanagawana foleni zilizo kwenye kumbukumbu, mmoja anaweka na mwingine anachukua, na hakuna rejista ya kusomwa kwa kila pakiti. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kila upande huandika ndani ya foleni mahali ambapo angependa kushtuliwa tena. Mgeni akiwa tayari yuko kazini, akizimaliza pakiti moja baada ya nyingine, mwenyeji huongeza nyingine kimya kimya bila kumkatiza. Katizo hutumwa pale tu foleni inapofika alama aliyoiweka mgeni. Kwa hiyo kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo makatizo yanavyopungua kwa kila pakiti, na hapo ndipo hasa yanapopaswa kupungua. Watu wengi hutafuta namna ya kuharakisha makatizo, ilhali faida kubwa niliyoiona ilitokana na yale ambayo hayakutumwa kabisa.

Kwa yale yasiyoepukika, njia yake nayo imefupishwa. Bila vhost, pakiti ya mgeni hupitia mchakato wa QEMU hata kama inakwenda kwenye daraja la mtandao lililo ndani ya kerneli, mfano wa barua inayopelekwa masijala kwanza wakati mhusika yuko chumba cha pili. Vhost-net, iliyoingia katika Linux 2.6.34 mwaka 2010, huihamishia kazi hiyo kwenye uzi (mkondo wa kazi) wa kerneli yenyewe, na kwa kutumia irqfd, njia ya kuomba katizo ndani ya kerneli, uzi huo huiambia KVM moja kwa moja imwingizie mgeni katizo, QEMU ikiwa imelala. Ukiorodhesha michakato ya mwenyeji utaziona nyuzi hizo zikiwa na majina yanayoanza na vhost na kufuatiwa na namba ya mchakato wa QEMU. Napenda hilo, kwa sababu unaweza kujua mara moja ni mashine gani inayokula prosesa kwa ajili ya mtandao.

Sehemu ya mwisho ya safari inategemea prosesa uliyonunua. Katika prosesa za zamani, kumfikishia katizo mgeni anayefanya kazi kwenye kiini kingine cha prosesa kulimaanisha kumtoa kwanza, kumwingizia katizo wakati wa kumrudisha, na kumtoa tena anapotangaza kwamba amelimaliza. Intel ilianza kuziba pengo hilo kwa APICv katika Xeon E5 v2 za mwaka 2013: mwenyeji huandika katizo kwenye kumbukumbu maalumu, na prosesa humpa mgeni bila kumsimamisha. Ukisoma /sys/module/kvm_intel/parameters/enable_apicv na kupata Y, unao uwezo huo. Anayenunua seva iliyotumika afanye ukaguzi huu kabla ya kulipa, maana kwa miaka mingi prosesa za Intel za kompyuta za mezani hazikuwa nao hata zilipokuwa na kasi ya kutosha. Kwa AMD uwezo wa namna hiyo unaitwa AVIC, na kwa muda mrefu KVM iliuacha ukiwa umezimwa hadi mtumiaji auwashe mwenyewe.

Malalamiko yangu yanahusu mipangilio ya awali. Tangu QEMU 5.2, diski ya virtio-blk hupewa foleni kulingana na idadi ya prosesa za mgeni, lakini virtio-net bado huanza na jozi moja ya foleni. Matokeo yake utayaona ndani ya mgeni ukifungua /proc/interrupts: kadi ina mstari mmoja wa kupokea, na takwimu zote zimerundikana chini ya safu ya prosesa moja huku safu nyingine zikiwa na sifuri. Dawa ni kuongeza queues, yaani idadi ya foleni, kwenye maelezo ya mashine. Hata hivyo si dawa ya kila mtu, kwani mtiririko mmoja mkubwa hubaki kwenye foleni moja, na kila foleni huleta uzi wake wa vhost. Seva ya tovuti yenye wateja wengi ilifaidika waziwazi. Ile ya nakala rudufu haikubadilika.

Mashine za Windows zinahitaji uvumilivu. Draiva za virtio hazimo katika diski ya usakinishaji, ndiyo maana wengi huishia kubaki na e1000e. Zaidi ya hapo, Windows isiyo na kazi yoyote inaweza kutafuna prosesa ya mwenyeji kwa makatizo ya saa tu, hadi uiwashie vipengele vya QEMU vya hv_synic na hv_stimer ili itumie saa inayofaa mashine pepe. Mpangilio huu ungestahili kuandikwa mahali panapoonekana na kila anayeanza.

Wapo watakaosema njia rahisi ni kumpa mgeni kadi halisi kupitia VFIO. Ni kweli kwamba katika seva zenye uwezo huo makatizo ya kadi humfikia mgeni karibu bila mwenyeji kuhusika, lakini kwa kawaida unapoteza nafasi ya kuhamisha mashine kwenda seva nyingine ikiwa inafanya kazi, jambo ambalo mimi nalihitaji kila seva inapofikia zamu ya matengenezo. Kwa sababu hiyo hifadhidata yetu iko kwenye virtio, na sioni haja ya kuihamisha huko.