Mswaki wa mti: miezi sita ya kuutumia, unapofaa na unapokwama

Ninachokipima hapa ni kijiti cha mti wa mswaki, kile kinachouzwa kwa mafungu sokoni Mtwara mjini na nje ya misikiti siku ya Ijumaa. Nimekitumia miezi sita, asubuhi na mchana, na usiku nikabaki na mswaki wa plastiki na dawa yenye floraidi. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kusugua, kijiti hiki hakipitwi na mswaki wa dukani kikishikwa sawasawa. Kuzuia meno kutoboka ni kazi nyingine, na hiyo hakiiwezi peke yake.

Ubora unaanzia kwenye kununua. Chukua chenye unene wa penseli au kidole kidogo, urefu wa sentimita 15 hivi. Kwaruza ganda kwa ukucha: ndani pawe peupe, pana unyevu, na harufu ikupande puani kama haradali. Kikikatika kwa mlio kama ukuni, kiache; nyuzi zake zitavunjika mdomoni na vipande vitachoma fizi. Vile vilivyofungwa kwenye nailoni huwa na unyevu mzuri, ila ukishafungua usikirudishe humo. Kwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu, kijiti kibichi kwenye nailoni huota ukungu upesi, na chenye ukungu ni cha kutupwa, si cha kukwanguliwa. Kisimamishe kwenye kikombe, kichwa juu, mahali penye hewa na mbali na choo. Kikikauka, loweka ncha tu kwa saa chache katika maji ya kunywa. Ukikizamisha kizima usiku kucha, ukali wote unabaki kwenye maji.

Menya ganda sentimita moja tu. Wengi wanamenya tatu, nyuzi zinakuwa ndefu, zinalala, hazisugui kitu. Tafuna ncha polepole mpaka nyuzi zitawanyike na ziwe laini, kisha suuza. Nyuzi zikipoteza ladha au zikijikunja, kata ncha hiyo na umenye upya. Mimi nakata kila baada ya siku mbili. Sentimita tano za mwisho hazishikiki vizuri, kwa hiyo kijiti kimoja kinanipa kama siku 20.

Sasa kasoro yake kubwa, ambayo wauzaji hawaisemi. Mswaki wa plastiki nyuzi zake zimesimama ubavuni mwa mpini. Za kijiti zinaelekea mbele, sambamba na mpini wenyewe. Meno ya mbele yanafikika kwa raha, lakini upande wa ndani wa magego, ule unaogusana na ulimi, unabaki na utando, yaani ukoga laini unaonata kwenye meno. Dawa yake ni kuzikunja nyuzi pembeni kwa kidole baada ya kuzitafuna, zisimame kama jembe kwenye mpini, kisha kuingiza kijiti kutoka upande wa pili wa mdomo. Inahitaji subira, na siku za kwanza mkono unachoka.

Kishike kama kalamu, nyuzi ziguse pale jino linapokutana na fizi, uvute kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unashusha, ya chini unapandisha. Usisugue kama unayekata kwa msumeno. Kutembea na kijiti mdomoni kutwa huku ukisugua meno yale yale ya mbele kwenda kushoto na kulia ndiko kunakorudisha fizi nyuma. Mzizi ukibaki wazi, jino linakufa ganzi kwa maji ya baridi na kwa embe bichi, na fizi iliyorudi nyuma hairudi yenyewe. Dakika mbili hadi tatu zinatosha.

Usitegemee ulimi kukuambia kuwa pamesafika. Chukua matone mawili ya rangi nyekundu ya chakula kwenye kijiko cha maji, sukutua nusu dakika, tema, suuza mara moja, kisha tazama kwenye kioo kwa mwanga. Palipobaki pekundu ndipo penye utando. Kwangu, kabla ya kuzikunja nyuzi, wekundu ulikuwa ndani ya magego ya chini kila mara. Nilipozikunja, ulipungua sana. Katikati ya jino na jino ulibaki vile vile, kwa sababu hapo mswaki wa kawaida haufiki, wa kijiti wala wa plastiki. Panataka uzi wa meno mara moja kwa siku.

Kuhusu kutoboka: vijidudu vya kwenye utando hula sukari na kutoa asidi, na mate huhitaji kama nusu saa kuituliza. Kwa hiyo kikombe kimoja cha chai ya sukari kinachonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima kinaumiza meno kuliko kile kile kikinywewa na kuisha. Ubuyu wa sukari unaomung'unywa njiani ni vivyo hivyo, tena una uchachu wake wa asili. Kinacholisaidia jino kurudishiwa madini yake ni floraidi, na kijiti hakina ya kutosha. Soma boksi la dawa ya meno: tafuta floraidi ya 1000 hadi 1500 ppm (sehemu katika milioni). Weka kiasi cha punje ya njegere, piga mswaki kabla ya kulala, tema povu, wala usisukutue kwa maji, maana maji yanaiondoa floraidi kabla haijafanya kazi.

Ramadhani kijiti kinasaidia, kwani hakina povu la kumeza. Wanaofuata madhehebu ya Shafii wengi hukiweka kando jua likishapinduka, basi usafi wa uhakika uwe baada ya daku, kwa dawa, kabla ya adhana. Tende na vitamu vya futari vinaganda kwenye magego, kwa hiyo usilale bila kupiga mswaki.

Ukoga ulioshakuwa mgumu, kijiti hakiutoi. Hukaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na kwenye magego ya juu upande unaogusana na shavu, kwa kuwa mate yenye madini hutokea karibu na hapo. Usiukwangue kwa kisu wala sindano. Huo ni wa kliniki ya meno, na hospitali za rufaa za mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ndiko pa kuanzia. Kusafishwa hakulegezi meno. Nafasi unayoihisi baadaye ilikuwa imezibwa na ukoga. Fizi zikitoka damu siku za mwanzo za kusugua vizuri, endelea kwa upole. Zikipita wiki mbili bado zinatoka, nenda.

Mtoto mdogo usimpe kijiti, akianguka nacho kinachoma koo. Mpe mswaki laini, dawa kiasi cha punje ya mchele chini ya miaka mitatu na njegere kuanzia hapo, na umsugulie mwenyewe mpaka afike kama miaka saba.