Hilux 2.8 na tela: ile 3,500 ya kipeperushi inaishia wapi

Ukienda kununua Toyota Hilux 2.8 dabo kabini na ukamwambia muuzaji kwamba una tela, atakutajia namba moja tu: kilo 3,500. Hakudanganyi. Ndivyo kiwanda kinavyosema kwa tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, namba inaporomoka hadi 750. Kinachoachwa kwenye maongezi ni kwamba hiyo 3,500 unaipata gari likiwa karibu tupu, na huku kwetu hakuna anayenunua dabo kabini ili aendeshe peke yake na begi moja.

Hukumu yetu ni hii: 2.8 ya otomatiki ni gari la tela la tani mbili hadi mbili na nusu, lenye breki. Hapo inafanya kazi siku nzima bila kulalamika. Ukisogea tani tatu, injini bado inataka, ila nyuma ya gari imeshakataa.

Injini yenyewe haina ugomvi. Toleo la otomatiki lina Nm 500 (Nm ni kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha), na la gia za mkono lina Nm 420. Tofauti hiyo ya 80 huioni ukiwa na magunia bodini, lakini unaiona vizuri unapoondoka na tela kwenye kilima. Anayevuta kila wiki achukue otomatiki. Gia za mkono zina tatizo jingine: kurudi nyuma kupanda mteremko na tela zito kunaunguza klachi, na harufu yake utaijua. Dawa ni kuweka 4L, yaani fowili ya mwendo wa chini, ili gari litambae lenyewe, mradi uwe kwenye udongo, mchanga au sakafu yenye majimaji. Hilux nyingi zina fowili ya kuunga na kukata, haina difu ya kati, hivyo ukikata kona kwenye lami kavu ukiwa 4L unaziumiza difu na shafti.

Sasa hesabu. Kwenye bamba la gari au ndani ya kitabu chake kuna vifupisho viwili vya kutafuta. GVM ni uzito wa juu kabisa wa gari na kila kilichomo ndani, pamoja na ule uzito wa tela unaoegemea ndoano. GCM ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Namba hizi hubadilika kwa mwaka wa gari, toleo na soko lilikokusudiwa, kwa hiyo soma za kwako, usitumie za jirani. Kwa mfano tu, chukua gari lenye GVM ya 3,000 na GCM ya 5,850. Gari likiwa na tangi limejaa ni 2,100. Watu watano wa kilo 75 ni 375. Bampa la chuma la mbele na kenopi, 130. Ndoano na fremu yake, 25. Jeki, vifaa na tairi la akiba la pili, 60. Umefika 2,690 na bodi bado ni tupu.

Funga tela la 2,500. Sehemu ya kumi ya uzito wake, kilo 250, inakaa kwenye ndoano. Gari sasa ni 2,940. Imebaki 60, yaani mfuko mmoja wa saruji na chupa kadhaa za maji. Jumla ya gari na tela ni 5,190, hapo huna shida. Jaribu 3,500: ndoano inabeba 350, gari linafika 3,040 na limeshapita GVM, na jumla ni 6,190 dhidi ya ruhusa ya 5,850. Ili uvute hiyo 3,500 kihalali kwa gari hili, lenyewe na vyote vilivyomo lisizidi 2,350. Dereva, mafuta, ndoano na kilo kama 150. Watu wote wengine wapande basi.

Kuna jambo ambalo hesabu hiyo bado haijalionyesha. Ndoano haiko juu ya ekseli ya nyuma, iko nyuma yake, tuseme mita 1.2. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Hilux dabo kabini ina milimita 3,085. Ni kama mzani wa dukani: kilo 250 kwenye ndoano huongeza ekseli ya nyuma karibu 350, na hizo mia za ziada zimetolewa mbele. Usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele zinashika kidogo unapofunga breki kwenye mvua, na usiku taa zako zinawapiga usoni wanaokuja. Ndiyo maana mtu anaona gari limekaa kitako, anaongeza majani ya springi, gari linanyanyuka, naye anadhani amemaliza. Springi hazibadilishi kilichoandikwa kwenye bamba. Ekseli, beringi, chesisi na breki ni zile zile. Tairi nazo zina mwisho wake: 265/65R17 yenye alama 112 inabeba kilo 1,120, na 265/60R18 yenye 110 inabeba 1,060. Ukinunua mtumba wenye alama ndogo kwa sababu ni nzuri kwa macho, umeshapunguza gari.

Uzito wa ndoano unaupima nyumbani kwa mizani ya bafuni. Weka tofali upande mmoja na mizani upande wa pili, lalisha ubao mgumu juu yake, kisha shusha mkono wa tela kwenye ubao, sentimita 30 kutoka tofali na 60 kutoka mizani. Kinachosomeka zidisha kwa tatu. Kilo 83 maana yake 250. Tela liwe limepakiwa kama litakavyosafiri na limekaa usawa, gurudumu likiwa limezuiwa kwa mawe, vinginevyo unapima uongo. Uzito wa tela zima, pita nalo kwenye mizani ya kiwanda au ghala la mazao.

Ukipata ndoano inabeba asilimia tano tu ya uzito wa tela, mzigo umekaa nyuma mno. Tela la namna hiyo ndilo linalotikisa mkia ukifika kilomita 90 kwa saa, hasa basi likikupita. Hilux nyingi za daraja la juu zina mfumo wa kuzuia kuyumba, unaobana breki za tairi moja moja. Unasaidia, hauponyi upakiaji mbaya. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo. Kama tela lina breki za umeme, zibane zenyewe kwa mkono kutoka kwenye kidhibiti kilichoko kabini.

Mkosaji mkubwa barabarani kwetu ni tela la maji. Tangi la lita 1,000 ni kilo 1,000 kabla hujahesabu fremu, na fremu hiyo mara nyingi ni ekseli moja ya gari chakavu, bila breki. Umeshapita 750 kwa mbali. Halafu likifika nusu linakuwa baya zaidi: maji yanakimbia mbele ukifunga breki, yanarudi nyuma ukikanyaga mafuta. Anayebeba maji ajaze lote au aache tupu, na tangi liwe na kuta za ndani za kukata mawimbi.

Breki za tela ni za aina mbili zinazopatikana kirahisi. Za kusukumwa hujifunga tela linapolisukuma gari, hazihitaji waya, ila zina kawaida ya kujifunga ukirudi nyuma kupanda, kwa hiyo kuna kitasa cha kuzizuia, nacho kisisahaulike kimefungwa. Za umeme zinahitaji kidhibiti kabini na waya mnene kutoka betri. Hapa mafundi hubana matumizi: wanavuta waya mwembamba wa taa, breki zinapata umeme hafifu, tela la tani mbili linakuwa kama halina breki, na Hilux yenye ngoma nyuma ndiyo inayosimamisha vyote.

Kwa wa Pwani wanaovuta boti, tela la chuma kilichozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa lina thamani ya kila shilingi. Adui ni kitovu cha gurudumu. Kimesafiri kilomita 40 kimepata moto, unakitumbukiza baharini, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji ya chumvi kupita sili. Grisi inageuka nyeupe kama tui, na beringi hazifiki mbali. Subiri vitovu vipoe kabla ya kushusha, chomoa plagi ya taa, na ukitoka osha kwa maji yasiyo na chumvi, ngoma za breki zikiwemo.

Milima ndipo otomatiki inapojilipia, lakini isaidie. Kupanda Kitonga kuelekea Iringa ukiiacha kwenye D, gia zitapanda na kushuka bila kutulia, na kila mabadiliko ni joto kwenye oili ya giaboksi. Vuta kwenye S, zuia gia ya juu, acha injini izunguke. Kushuka ni vilevile: shika gia ya chini kabla mteremko haujaanza, si baada ya kunusa breki. Anayevuta mara kwa mara abadilishe oili ya giaboksi mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa matumizi ya kawaida.

Ndoano za kuchomelewa kwenye bampa la nyuma tunazikataa kabisa. Ndoano ya kweli imefungwa kwa bolti za daraja la 8.8 kwenye mihimili yote miwili ya chesisi, ina kibao chenye uzito inaoruhusu, na kichwa chake cha duara ni milimita 50 kamili. Kilicholika hadi 49 kinaruhusu kikombe cha tela kuruka kwenye tuta. Minyororo miwili ipishane chini ya mkono wa tela, ili likichomoka lidakwe lisizame kwenye lami.

Kwa wanaolinganisha: Ford Ranger V6 ya dizeli ina Nm 600 na 3,500 ileile, na kwenye kilima inaiacha Hilux bila jasho. Isuzu D-Max 3.0 ina Nm 450, inatosha kwa tani mbili. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ ina chesisi ya kufia, lakini haina tabo na kwenye mlima wa Mai Mahiu, Kenya, utakuwa na foleni yako mwenyewe nyuma. Faida ya Hilux iko kwingine: spea zinapatikana hadi vijijini, na fundi wa kila mji ameshaifungua.

Ukishafunga tela, endesha kilomita 20 usimame. Kaza nati za magurudumu, kwani tela jipya hulegeza mapema. Gusa vitovu vyote kwa kiganja. Vikiwa na joto la kulingana, endelea. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki yake imeng'ang'ania au beringi imekaza, na hapo ulipo ndipo pa kuinua jeki.