Koki ya maji: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukikadiria matone 4,000 kwa lita, ile koki ya jikoni inayolia ti-ti-ti usiku kucha inamwaga zaidi ya lita 20 kila siku, ndoo kubwa nzima. Kwa mwezi ni lita zaidi ya 600. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo unalipia zaidi ya nusu yuniti ambayo haijapika wala haijafua. Bili ikija, lawama zote zinamwangukia msoma mita.

Kabla hujatoa hela ya koki mpya, funga maji, fungua uliyonayo uitazame tumboni. Kama inavuja mdomoni na ni ile ya kuzungusha mara kadhaa, ndani mna kijiti kinachopanda na kushuka, na chini yake kuna kipande cha mpira. Hiyo ndiyo washa. Ikiliwa, maji yanapita hata ukikaza mpaka kiganja kiume. Washa inauzwa kila duka la vifaa kwa bei ya kutupa, na mafundi wengi wanajua kuikata kwenye tyubu ya baiskeli ikikosekana. Kama maji yanatokea chini ya mpini na si mdomoni, washa haihusiki: kaza nati iliyo chini ya mpini, au zungushia tredi tepu, ule utepe mweupe mwembamba wa mafundi, kwenye kijiti kisha uikaze nati tena. Koki inayostahili kutupwa ni ile inayokula washa mpya kila baada ya wiki chache. Maana yake kiti ambacho washa hukalia kimechimbika, na mara nyingi kilichokichimba ni mikono yetu wenyewe, kwa kukaza kupita kiasi koki ambayo washa yake ilikwisha zamani.

Haya, sasa tuingie dukani. Nazipanga nikifikiria nyumba za Dar es Salaam na miji mingine ya pwani: maji ya bomba yanayokuja kwa zamu, tangi la plastiki juu ya mnara, kisima kirefu ambacho mara nyingi maji yake yana chumvi. Anayeishi Njombe au Arusha anaweza kuupindua mpangilio huu kidogo, nami sitabishana naye.

Nafasi ya kwanza: koki ya brasi ya kuzungusha, yenye washa

Haina urembo. Ndiyo ile ambayo babu alikuwa nayo uani, na bado naiweka juu kwa sababu moja tu: inatengenezeka. Washa ikifa, unabadilisha washa. Kijiti kikilegea, unakaza nati. Mchanga ukiingia maji yanaporudi baada ya mgao, utaukwaruza mpira wa bei ndogo badala ya kuharibu koki nzima. Fundi yeyote wa mtaani anaijua, na hata kijana wa nyumbani anaweza kufundishwa kuifungua kwa spana moja.

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Haipati kutu kama chuma, lakini si kwamba haifi. Maji ya chumvi huinyonya zinki taratibu, ikabaki shaba yenye vitobo, laini, inayovunjika kwenye meno, ile mistari ya kuifungia kwenye bomba, siku unapojaribu kuifungua. Ndiyo maana koki iliyokaa miaka mingi kwenye kisima cha chumvi hukatikia ukutani na kumwachia fundi kazi ya kuchokoa kipande kilichobaki ndani. Hata hivyo, kwa maji ya kawaida ya bomba, brasi nzito itakuvusha miaka mingi.

Kuitambua kunahitaji mkono na jicho. Ipime kiganjani: brasi ni nzito kuliko umbo lake linavyoonyesha. Kisha chungulia ndani na kwenye meno, mahali ambapo kromu, yaani ule mpako unaong'aa wa juu, haikufika vizuri; ukiona njano, hapo sawa. Ukiona kijivu kama bati, hiyo ni zinki, irudishe mezani. Sumaku haitakusaidia sana hapa, kwa sababu haishiki brasi na haishiki zinki pia. Itakuonyesha chuma tu. Na muuzaji akikwambia, "Dada, hii ni ya Italia," mwambie akupe na ya Kichina uzipime zote mbili mkononi. Ziko za Kichina nzito na za "Italia" nyepesi kama kifuniko cha soda.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: brasi ya kawaida hutiwa risasi kidogo ili ikatike vizuri kiwandani. Maji yaliyolala kwenye koki usiku mzima usiyanywe wala kuyapikia uji wa mtoto. Yakinge kwenye ndoo ya kudekia, kisha ndipo ujaze sufuria.

Nafasi ya pili: koki ya mkono, ile ya kugeuza robo

Hii ina mpini mrefu, na ndani kuna gololi yenye tundu. Mpini ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikaa msalaba yamefungwa. Kwa uani, kwenye tangi na pahali pa kukingia ndoo, naipenda sana, na nilisita kidogo kabla ya kuiweka ya pili.

Sababu ni mgao. Maji yakikatika mchana, mtoto anafungua koki, haoni kitu, anaenda zake. Koki ya kuzungusha haikuambii kama iko wazi au imefungwa, unaitazama tu. Saa tisa usiku maji yanarudi na sebule inageuka bwawa. Koki ya mkono unaisoma ukiwa mlangoni. Nyumba yenye watoto wengi au wapangaji wengi, hii ingeshika namba moja bila ubishi.

Ilichopoteza ni ufundi. Gololi inakaa kwenye vikombe vya plastiki ngumu, na mchanga ukivikwaruza hakuna washa ya kwenda kununua. Unatupa koki nzima. Mipini mingi ni ya chuma, na hewa ya bahari huila mpaka ikamegukia mkononi huku mwili wa brasi bado mzima. Kwenye maji ya chumvi gololi hung'ang'ania ikiachwa muda mrefu bila kuguswa, kwa hiyo igeuze mara moja moja hata kama huhitaji maji. Na ifunge taratibu: ukiipiga kwa ghafla, maji yaliyokuwa mbioni yanagonga ukuta wa bomba, na ule mgongano unaousikia ndani ya ukuta ndio unaolegeza viungio.

Kwenye nyumba za kupanga zenye bomba moja uani kuna toleo lenye tundu la kufuli kwenye mpini. Mwenye nyumba analipenda, wapangaji hawalipendi. Kama bili mnagawana kwa vichwa, basi angalau kila mmoja apewe ufunguo.

Nafasi ya tatu: koki ya plastiki

Najua, utacheka. Lakini aliye na kisima cha chumvi Kigamboni, Mbagala au ng'ambo Unguja anajua ninachosema: plastiki hailiwi na chumvi. Ni rahisi, na ikivunjika inaumiza mfuko kidogo tu. Adui zake ni jua na nguvu. Juani inakauka, inafifia rangi, halafu siku moja mpini unabaki mkononi. Kwa hiyo iweke kivulini au ndani, ifunge kwa mkono bila spana, na usimruhusu fundi aikaze kama anafunga gurudumu la lori, maana meno ya plastiki yakipasuka hayana dawa. Kwa pipa la plastiki au ndoo ya kunawia, wala usifikirie nyingine.

Nafasi ya nne: koki ya chuma cha pua

Kama ni kweli ya pua, nzuri na safi. Tatizo ni hilo "kama ni kweli". Daraja 304 linastahimili maji ya kawaida, 316 linaihimili chumvi vizuri zaidi, na madaraja ya chini huanza kupata madoa ya kahawia karibu na bahari. Neno "stainless" kwenye boksi halikuambii daraja, tafuta namba. Bila namba, nunua brasi.

Nafasi ya tano: koki ya kauri ya sinki na mikisa ya maji moto na baridi

Ndani yake kuna sahani mbili za kauri zinazoteleza moja juu ya nyingine. Ni laini kwa mkono, haikazwi, na kwenye maji safi hudumu sana. Kwenye nyumba yenye kichujio kizuri baada ya tangi ningeipandisha hadi ya pili. Pasipo kichujio, chembe moja ya mchanga inachora mstari kwenye kauri na koki inaanza kudondoka. Dawa yake ni katriji mpya, kile kipande cha ndani kinachobeba sahani hizo, na katriji haziingiliani: ya kampuni hii haikai kwenye koki ya kampuni ile. Usinunue mpaka muuzaji akuonyeshe katriji ya akiba ya koki hiyohiyo, kisha inunue papo hapo uiweke kabatini.

Mikisa, yaani koki moja inayochanganya maji moto na baridi, ina kesi nyingine. Watu wanaiona kwenye picha za jikoni za kisasa, wanainunua, halafu wanamlaumu fundi kwamba maji yanatoka kama machozi. Fundi hana kosa. Kila mita 10 za kimo hukupa nguvu ya baa moja, baa ikiwa kipimo cha msukumo wa maji. Tangi lililo mita tatu juu ya sinki linakupa karibu baa 0.3 tu, na mikisa nyingi zimetengenezwa kwa nguvu kubwa kuliko hiyo. Ama uongeze pampu, ama uachane nayo. Na kama jikoni kwako hakuna bomba la maji moto, unalipia upande mmoja ambao hautafanya kazi hata siku moja.

Ya mwisho: inayong'aa, nyepesi, ya zinki

Hii ndiyo inayokaa mbele dukani, kwenye kioo, ikiwaka kama jino la dhahabu. Kromu juu, zinki chini. Kromu ikipata mkwaruzo, zinki inavimba malengelenge meupe, na shingo inakatika pale inapoingia ukutani. Bei yake si mbali sana na ya brasi nyepesi. Hata mwenye nyumba anayetaka kupangisha haraka ashauriwe aiache, maana atakayepigiwa simu saa nne usiku ni yeye.

Siku ya kununua, chukua ile ya zamani mkononi uende nayo dukani. Saizi ya kawaida ni nusu inchi, lakini usiipime kwa rula ukashangaa: meno ya nusu inchi kwa nje yana karibu milimita 21, na ya robo tatu karibu milimita 26. Hizo ni saizi za tundu la bomba la zamani, si za meno. Nunua na tredi tepu mbili, maana moja itapotea. Izungushe kufuata mwelekeo wa kukazia, ukiyatazama meno kwa mbele, ili isijikunje koki inapoingia. Wazee wa kazi bado wanatumia uzi wa katani na rangi kwenye bomba za chuma, na kwa meno yaliyochakaa katani inashinda tepu. Kwenye plastiki achana nayo, huvimba na kupasua.

Ukishafika hapo, itazame na ile valvu iliyo baada ya mita. Nyumba nyingi zina geti valvu, ile ya kuzungusha mara nyingi, ambayo haijaguswa tangu ujenzi, na siku bomba linapopasuka ndipo inapogoma. Weka ya mkono pale, ya brasi, nzito. Ningeinunua hiyo kabla ya koki yoyote ya jikoni.

Na kama umepanga, koki ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, andika "ya jikoni", weka juu ya kabati. Ukihama, unairudisha ukutani na kuondoka na yako, isipokuwa mwenye nyumba amekubali kuikata kwenye kodi, kwa maandishi.