VeraCrypt kwenye diski za bekapu: uzoefu wangu Tanga

Natunza kumbukumbu za SACCOS moja hapa Ngamiani. Bekapu zetu huenda Dar es Salaam kwa basi, kwenye diski ya nje, maana nakala inayolala jengo moja na kompyuta haikusaidii siku ya moto wala siku ya mwizi. Lakini ukishaitoa nje, kuna hatari ya njiani. Mwaka huu kifurushi kimoja hakikufika. Risiti tunayo. Konda anasema alikikabidhi stendi ya Magufuli, wakala anasema hajakiona, na mpaka leo hakuna aliyetupa jibu la maana. Inaniudhi sana.

Data zenyewe hazikupotea, nakala nyingine zilikuwepo. Swali lilikuwa aliyeokota diski ataona nini. Mle mna namba za NIDA, simu, na nani anadaiwa kiasi gani. Watu wametuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tuzilinde. Bahati nzuri diski ilikuwa imefungwa kwa VeraCrypt, programu ya kusimba data, yaani kuigeuza isisomeke, kwa hiyo bila neno la siri hapati jina hata moja.

Programu ni ya bure, mrithi wa TrueCrypt iliyoachwa na watengenezaji wake mwaka 2014, na inasimba data kwa AES ya biti 256, njia ya kusimba inayotumika sana. Niliichagua kwa kuwa kompyuta zetu zina Windows Home, toleo la Windows ambalo haliruhusu kufunga diski ya nje kwa BitLocker, kifungio cha Microsoft chenyewe. Wakati wa kuandaa inakutaka uzungushe mausi ovyo ovyo juu ya dirisha mpaka mstari wa chini ugeuke kijani. Usiharakishe hapo: mizunguko hiyo ndiyo inayofanya ufunguo usikisiike.

Sasa kasoro. Ukifunga diski nzima, Windows haiitambui, inakuuliza kama ui-format, yaani uiandae upya kama diski tupu. Mtu asiyejua akibonyeza ndiyo, bekapu imekwenda. Kwa ajili hiyo napendelea kutengeneza faili moja kubwa lililofungwa, nikaliweka ndani ya diski ya kawaida. Diski iwe na mpangilio wa mafaili wa exFAT au NTFS, kwa sababu ule wa FAT32 haupokei faili la kufikia GB 4.

Na neno la siri likisahaulika, hakuna wa kumpigia simu, hata watengenezaji hawawezi kukufungulia. La kwetu ni refu, zaidi ya herufi 20, limeandikwa karatasi mbili: moja kwenye sefu, moja kwa mwenyekiti. Halisafiri na diski kamwe. Pia hifadhi pembeni nakala ya kichwa cha faili hilo lililofungwa, yaani sehemu yake ya mwanzo inayobeba ufunguo (programu ina sehemu ya kuihifadhi), maana kikiharibika, neno sahihi nalo halifungui.

Mwenzetu wa Dar huifungua kila diski inapofika, anarudisha mafaili kadhaa na kuyasoma, ndipo anatuma ujumbe kwamba imepokelewa. Asipotuma, siku hiyo hiyo tunaanza kuulizia.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kampuni ya basi tumeshabadilisha.