DuckDB kwenye hesabu za duka la jumla: uzoefu wangu wa kuunganisha data bila kuihamisha

Kazi ninayoifanyia DuckDB, programu ya kuchambua data kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), ni ya kawaida kwa biashara yoyote ya jumla hapa Nairobi. Mauzo yamo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, malipo ya paybill yanashushwa kama faili za CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma), na bei za wasambazaji zinakaa kwenye Excel ya mhasibu. Kwa mtindo wa zamani ungejenga ghala la data, uandike programu za kunakili kila chanzo usiku, halafu utafute mtu wa kuzifufua zinapokwama. DuckDB inasoma kila kitu pale pale kilipo, na SQL moja inagusa vyanzo vyote vitatu. Naipa nyota nne kati ya tano.

Ni programu huria yenye leseni ya MIT, iliyoanzia taasisi ya CWI mjini Amsterdam. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2024, lakini chukua 1.2 au la baadaye, maana hapo ndipo `read_xlsx` ilipoingia. Hakuna seva ya kusimamisha. Ni faili moja ya kuendesha. Viendelezi, yaani nyongeza za kusoma vyanzo vingine, huwekwa mara moja tu kwa `INSTALL postgres` na `INSTALL excel`, na hapo intaneti inahitajika. Kama seva imefungiwa intaneti, pakua kiendelezi kwenye mashine nyingine, ila lazima kilingane na toleo lako la DuckDB pamoja na mfumo endeshi. Kikipishana, hakipakiki.

Postgres huunganishwa kwa mstari mmoja:

`ATTACH 'host=... dbname=mauzo user=msomaji' AS pos (TYPE postgres, READ_ONLY);`

Tengeneza mtumiaji wa kusoma tu upande wa Postgres pia. Usitegemee READ_ONLY peke yake. Kisha andika `SET pg_connection_limit = 4`. Kikomo cha kawaida ni miunganisho 64, na Postgres nyingi huachwa na `max_connections` (kikomo cha miunganisho yote kwa pamoja) ya 100. Jedwali kubwa likisomwa saa za kazi, mashine za keshia zinaweza kukosa nafasi. Jambo la pili ni kwamba SUM na GROUP BY (kujumlisha na kupanga kwa makundi) hufanyika upande wa DuckDB, kwa hiyo mistari yote inayohusika husafiri kwenye mtandao kwanza. Jedwali likiwa na mamilioni ya mistari na seva iko mbali, tumia `postgres_query('pos', '...')` ili jumla ipigwe kule kule na yaje majibu tu.

CSV ndiyo inayokula muda. DuckDB hukisia aina ya kila safuwima kwa kuangalia sampuli, kwa kawaida mistari 20,480 ya mwanzo. Namba ya akaunti aliyoandika mteja ikiwa tarakimu tupu kwenye sampuli, itachukuliwa kuwa namba: 00123 inageuka 123, na ikitokea INV-204 huko chini, usomaji unakatika. Mimi husoma kila kitu kama maandishi, kisha nabadilisha mwenyewe:

`read_csv('malipo/*.csv', all_varchar=true, union_by_name=true, filename=true)`

`union_by_name` inasaidia faili za miezi tofauti zinapopanga safuwima kwa mpangilio tofauti, na `filename` inakuonyesha mstari wenye kasoro umetoka faili ipi. Mistari ya utangulizi juu ya vichwa vya safuwima iruke kwa `skip`. Fedha zigeuze kuwa `DECIMAL(18,2)` baada ya kuondoa koma, kamwe si DOUBLE (namba ya desimali ya kukadiria), la sivyo utatafuta senti ambazo hazikupotea. Tarehe zitajie umbo lake kwa `strptime`, kwa sababu 03/04 inaweza kusomwa Machi au Aprili. Na usiguse `ignore_errors`: inatupa mistari mibovu kimya kimya. Weka `store_rejects=true`, kisha soma jedwali la `reject_errors`.

Mwambie mhasibu asifungue CSV kwa Excel na kuihifadhi tena. Namba ya simu ya tarakimu 12 inaweza kuandikwa upya kama 2.54712E+11, na tarakimu zilizokatwa hazirudi. Kwa vyovyote, usiunganishe kwa namba ya simu. Tumia msimbo wa muamala, ukiupitisha kwenye `upper(trim(...))`. Msimbo ulioandikwa kwa mkono huja na O badala ya 0. Hiyo hakuna programu itakayokurekebishia kwa uhakika, kwa hiyo iweke kwenye orodha ya kukagua.

Kwa ulinganishaji wenyewe, FULL OUTER JOIN (kuunganisha majedwali mawili bila kuacha mstari wa upande wowote) inatoa makundi matatu kwa mpigo: yaliyolingana, pesa zisizo na mauzo, na mauzo yasiyo na pesa. Kabla ya hapo, jumlisha kila upande kwa msimbo. Malipo mamoja yakilipia ankara mbili bila kujumlishwa kwanza, kiasi hujirudia na jumla ya siku inafura. Angalia saa pia. Mfumo wa mauzo ukihifadhi muda wa UTC (saa ya kimataifa, nyuma ya Nairobi kwa saa tatu), mauzo ya saa saba na nusu usiku yanaangukia tarehe ya jana. Kabla ya kukata tarehe, badilisha kwa `timezone('Africa/Nairobi', muda)` kama safuwima ni TIMESTAMPTZ; ikiwa ni TIMESTAMP ya kawaida, andika `timezone('Africa/Nairobi', timezone('UTC', muda))`. Tofauti nyingi za "jana na leo" zinaishia hapo.

Excel ina mtego mmoja mbaya. Usipotaja eneo, `read_xlsx` husimama kwenye mstari mtupu wa kwanza, na wahasibu wanapenda kuacha mstari mtupu kati ya msambazaji na msambazaji. Hakuna kosa litakaloonyeshwa. Bei za chini zinakosekana tu. Andika `stop_at_empty=false` au taja `range`. Faili za zamani za .xls haisomi kabisa.

Nyota niliyoibana ni ya kufuli. Faili ya DuckDB ikifunguliwa na programu moja kwa kuandika, programu nyingine haiwezi hata kuisoma. Mchambuzi akiiacha wazi kwenye DBeaver (programu ya kutazama hifadhidata) jioni, kazi ya cron, yaani ile inayojiendesha kwa ratiba, inaanguka usiku. Suluhisho ni kuendesha cron bila faili ya hifadhidata, ndani ya kumbukumbu tu, na kutoa matokeo kwa `COPY ... TO` kama Parquet (aina ya faili za data zilizobanwa). Weka na `memory_limit`, tuseme 2GB, kwa sababu bila hiyo inajiruhusu asilimia 80 ya RAM ya seva.

Parquet hizo zinaziba pengo jingine pia. Kusoma data pale ilipo maana yake unaona hali ya sasa tu: bei ikibadilishwa kwenye Excel leo, faida ya Machi inabadilika nayo. Kila mwisho wa mwezi nakili bei na matokeo kwenye faili yenye mwezi kwenye jina. Ndiyo, huko ni kuhamisha data, lakini ni mstari mmoja wa SQL.

Kwa tahadhari za papo hapo, au timu inayoandika kwa pamoja mchana kutwa, hii siyo zana yake; baki na Postgres.