Mapango ya Vieng Xai, kaskazini mwa Laos: ni mbali, lakini nendeni

Wageni wengi wakifika Laos huishia Luang Prabang na Vang Vieng. Mwenye nafasi namsihi asogee hadi Houaphanh, mkoa wa kaskazini-mashariki unaopakana na Vietnam. Ziara ya mapango ya Vieng Xai imenigusa kuliko ziara yoyote ya historia niliyowahi kulipia.

Njia inachosha. Kutoka Luang Prabang hadi Sam Neua, makao makuu ya mkoa, ni kona juu ya kona milimani. Anayechafukwa na moyo safarini ale kidogo na abebe tangawizi. Toka Sam Neua zimebaki kama kilomita 30, na pikapu za abiria zipo.

Ukilipa kiingilio unapata mwongozaji mwenye funguo za mapango, pamoja na kifaa cha kusikilizia masikioni. Kifaa hicho ndicho roho ya ziara. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilipiga mabomu nchi hii bila kuchoka, na viongozi wa Pathet Lao, kundi la wapiganaji wa kikomunisti wa Laos, wakahamia ndani ya miamba ya chokaa. Inasemekana watu wapatao 23,000 waliishi kwenye mapango ya eneo hili. Mimi nimezaliwa Tanga, Amboni nimeingia tangu utotoni, lakini sikuwahi kufikiria pango kama mtaa: shule, hospitali, kiwanda cha uchapaji, duka la mikate. Masikioni unasikia masimulizi ya wenyeji waliopitia hayo, si ya wakubwa peke yao. Wanaeleza walivyolima usiku kwa kuogopa ndege. Nilisimama mbele ya jiwe tupu nikisikiliza, machozi yakanitoka, na sikuona haya.

Katika pango la Kaysone Phomvihane, aliyekuja kuwa waziri mkuu 1975, kuna chumba cha zege chenye mlango mzito wa chuma na pampu ya hewa ya kuzungusha kwa mkono, kilichoandaliwa endapo wangerushiwa gesi ya sumu. Ingia, kaa kidogo, fikiria familia nzima humo. Kwa Souphanouvong, yule mwana mfalme aliyejiunga na wakomunisti, kuna bustani nzuri sana na kumbukumbu ya mwanawe aliyeuawa miaka hiyo. Xanglot ni ukumbi mkubwa ndani ya mwamba, na humo watu walicheza ngoma, wakaoana, wakahutubiwa huku vita vinaendelea nje. Hapo ningependa kuachwa muda mrefu zaidi.

Chukueni ziara ya asubuhi, na mkodi baiskeli kwa sababu mapango yametawanyika. Tembeeni kwenye njia zilizopitiwa tu: mabomu ambayo hayakulipuka bado yamo ardhini sehemu nyingi za Laos. Desemba na Januari kuna baridi ya kweli, sweta si hiari.

Chakula ni supu ya tambi na wali wa kunata, ambao unaufinyanga kwa vidole kama tunavyofanya ugali. Nyama ya nguruwe iko kila mahali, kwa hiyo Waislamu waulize kabla ya kuagiza. Mayai na mboga hazikosekani. Na sokoni Sam Neua angalieni vitambaa vya hariri vilivyofumwa kwa mkono. Wafumaji wa Houaphanh wana sifa nchi nzima, na bei wanayotaja msiibane sana.